Tulitoka Sigi kutembea saa moja msituni, jioni tukawa Raskazone, ufukweni Tanga mjini, tunakula samaki. Nani anaijua hii njia?

#1 Baba Mapacha
Wakuu salaam. Naomba wenyeji wa Muheza na Tanga mnisaidie jambo linalonisumbua tangu likizo ya mwezi wa sita.

Tulikuwa hifadhi ya msitu wa Amani, tumelala Sigi, pale penye nyumba ya zamani ya stesheni masta. Mimi, mama watoto, mapacha wa miaka 9 na shemeji yangu aliyekuja kupumzika baada ya kumaliza chuo. Jumamosi asubuhi nikasema tutembee saa moja tu, watoto waone kinyonga na mbega, turudi kunywa chai. Tukabeba chupa mbili za maji na pakiti moja ya biskuti. Mwongozaji hatukumchukua. Najua, najua.

Mwanzo njia ilipanda. Mbega tuliwaona, kinyonga tukamkosa. Dogo mmoja akakanyaga siafu, ikatuchukua nusu saa kumvua suruali na kumchambua mmoja mmoja. Nadhani hapo ndipo tulipokosea. Tulipoondoka tukashika njia pana, imelala vizuri, haipandi wala haiporomoki, imekata ubavu wa kilima kama imechorwa kwa rula. Nikawaambia hii ndiyo inarudi Sigi. Tukatembea. Kila kona nasema "hapo mbele tumefika". Simu haina mtandao, mawingu yamefunga. Saa sita na nusu jua likachungulia kidogo, nikatazama kivuli changu, nikasema kaskazini ni huku, twendeni. Saa nane tukatokea kwenye mashamba ya machungwa. Kuna Fuso inapakia, na vijana wa pale wakatuuliza kama sisi ni watu wa sensa.

Dereva alikuwa anaenda Tanga mjini. Akasema kurudi Sigi kwa miguu na watoto hawa leo sahau, pandeni. Mama watoto na mapacha mbele, mimi na shemeji juu ya machungwa. Saa kumi na moja jioni tuko Raskazone, miguu ndani ya maji, watoto wameshika changu wa kukaanga na wanaapa hawajawahi kupata likizo tamu hivi. Nguo zetu zote na gari viko Sigi.

Sasa swali. Ile njia ni ya nini? Nani achonge njia namna ile katikati ya msitu halafu aiache? Na mimi niliyepita JKT nilipoteaje?

#2 Siti ya Mbele
Nimeshakaa. Uzi bila picha haujakamilika. Tunataka picha ya baba juu ya machungwa.

#3 Chai ya Rangi
Hii ni chai, tena ya maziwa na tangawizi. Fuso ya machungwa ibebe watu watano bure?

#4 Baba Mapacha
Mkuu #3, wapi nimesema bure?

#5 Mgosi wa Bombani
Karibu Muheza mgosi. Swali lako jepesi sana. Umelala kwenye nyumba ya stesheni masta, hukujiuliza stesheni ya treni gani? Wajerumani walijenga reli nyembamba, upana wa sentimita 75, kutoka Tengeni kwenye reli kubwa ya Tanga hadi hapo Sigi. Kama kilomita 23 hivi. Ilikuwa ya kuteremshia magogo na mizigo ya mlimani. Chuma kiling'olewa zamani lakini tuta limebaki. Treni haipandi mlima kama mbuzi, lazima izunguke ubavu kwa ubavu na mteremko mdogo mdogo. Ndiyo maana mliona njia imelala. Mmetembea juu ya reli bila nauli.

#6 Injinia Mstaafu
Mgosi #5 umesema kweli nusu. Reli ipo kwenye historia, sibishi. Ila iliishia Sigi. Kutoka Sigi kupanda Amani kwenye chuo cha utafiti ambacho Wajerumani walikianzisha 1902, hakukuwa na reli. Sasa msome tena mleta uzi: "Mwanzo njia ilipanda". Maana yake walikuwa juu ya Sigi. Tuta la reli liko chini yake. Mtu hawezi kutembea juu ya reli ambayo haijafika alipo.

#7 Mgosi wa Bombani
Mzee shikamoo. Walipanda mwanzo, wakavamiwa na siafu, wakazunguka, wakashuka upande wa pili wakaipita Sigi bila kuiona. Msitu ule mtu anaweza kupita nyumba kwa hatua mia asiione. Mimi mwenyewe nimewahi kuipita nyumba ya mjomba.

#8 Injinia Mstaafu
Marahaba. Nyumba ya mjomba ulipita kwa sababu nyingine, tusiwasingizie miti.

#9 Hondohondo
Nimefanya kazi misitu ya huko zamani. Nakataa reli. Miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980 milima hii ilikatwa mbao kwa mashine, kiwanda kikiwa Tanga na msaada ukitoka Finland. Matrekta ya kuvutia magogo yalihitaji njia, zikachongwa ubavuni mwa vilima vile vile kama ulivyoeleza. Kelele za watu wa mazingira zilipozidi, ukataji ukasimamishwa, na mwaka 1997 Amani ikawa hifadhi ya mazingira asilia, hekta 8,380 pamoja na misitu ya kampuni za chai. Njia zikaachwa zijifunike.

Kuna namna ya kupima. Mleta uzi, kando ya hiyo njia kulikuwa na miti mirefu iliyonyooka inayofanana, mingi kuliko mingine? Huo ni Maesopsis. Si mti wa pale, uliletwa kupandwa, ukashika hasa sehemu zilizofunguliwa na ukataji. Ndege hondohondo wanakula matunda yake na kusambaza mbegu. Ukiona Maesopsis wengi wamejipanga kufuata njia, trekta lilipita hapo.

#10 Baba Mapacha
Miti sikuitazama mzee wangu, nilikuwa natazama watoto. Hondohondo walikuwepo wengi tu, wanalia kama punda aliyenyimwa majani. Shemeji anakumbuka miti iliyonyooka. Anakumbuka pia harufu ya iliki.

#11 Mama Iliki
Asante shemeji! Nyote mmekosa. Bibi yangu alilima iliki huko huko juu, chini ya miti mikubwa, maana iliki haitaki jua kali. Iliki inabebwa kichwani. Mwanamke mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni hapandi kilima kama hana sababu, anatafuta palipolala. Pita hapo miaka hamsini, wewe na mama yako na bibi yako, njia inakuwa pana kama barabara. Mnatafuta Mjerumani na Mfini kumbe njia imechongwa na visigino vya wanawake wa Kisambaa na Kibondei.

#12 Injinia Mstaafu
Dada #11, visigino havikati ubavu wa kilima upana wa mita mbili.

#13 Mama Iliki
Baba, hujawaona wanawake wa kwetu.

#14 Mwanafalsafa wa Kijiwe
Nina swali fupi tu kwa mleta uzi. Mkeo kwao wapi?

#15 Baba Mapacha
Tanga mjini, Chumbageni. Inahusiana nini?

#16 Mwanafalsafa wa Kijiwe
Basi. Nimefunga kesi. Reli, trekta, iliki, vyote havimo.

#17 Siti ya Mbele
Nimecheka hadi mtoto kaamka. Mtu kapelekwa ukweni kwa miguu kupitia msituni, halafu anauliza njia ilichongwa na nani!

#18 Mama wa Pongwe
Tanga waja leo, waondoka leo. Huyu hata kuja hakupanga.

#19 Fundi Ramani
Turudi kwenye mada kidogo. Kosa kubwa liko kwenye kivuli. Mleta uzi, uliambiwa wapi kwamba kivuli cha saa sita kinaelekea kaskazini?

#20 Baba Mapacha
Tulifundishwa. Sikumbuki na nani.

#21 Fundi Ramani
Hiyo ni kanuni ya Ulaya. Kule kivuli cha mchana kinalala kaskazini mwaka mzima. Sisi tuko nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta, jua linatuvuka kwenda na kurudi. Mwezi wa sita jua la mchana liko kaskazini yetu, kwa hiyo kivuli kinaangukia kusini. Na saa sita na nusu ndiyo hasa saa sita ya jua kwa upande wa Tanga, hivyo kivuli chako kilikuwa sahihi kabisa, wewe ndiye uliyekisoma kichwa chini. Ulidhani unakwenda kaskazini, ukateremka kusini kwenye tambarare ya Muheza. Hapo ndipo machungwa yalipo. Sihitaji reli wala mkwe.

Tena simu yako ina GPS, ungeiwasha.

#22 Bando Limeisha
GPS gani wakati kasema mtandao hakuna? Muwe mnasoma.

#23 Fundi Ramani
Mkuu #22, GPS inapokea mawimbi ya setilaiti, haihitaji laini wala bando. Kinachohitaji bando ni ile picha ya ramani. Ukiipakua nyumbani kabla ya safari, unatembea nayo hata huko chini ya miti. Ni kweli kwenye bonde lenye majani mazito inayumba, lakini isingemtuma Raskazone.

#24 Bando Limeisha
Leo nimejifunza. Miaka yote nilikuwa naizima nikidhani inakula salio.

#25 Niko Karlsruhe
Habari za huko nyumbani. Mimi naishi Ujerumani, jirani na msitu unaoitwa Bienwald. Msitu huo una sifa moja inayohusu uzi huu. Watafiti wa taasisi ya Max Planck walipeleka watu humo wakawaambia watembee wanyooke tu kwa masaa, wakiwa na kifaa cha kuwarekodi. Matokeo yalitoka 2009. Walikuwa sita. Wanne walitembea siku ya mawingu, wote wakazunguka duara, na watatu wakakanyaga njia yao wenyewe bila kujua. Wawili waliopata jua walinyooka vizuri. Mleta uzi kasema mawingu yalifunga, basi masaa yale ya kabla ya jua walikuwa wanazunguka tu. Huenda "njia ndefu" ilikuwa njia fupi waliyoipita mara nne.

#26 Kocha wa Mtaa
Sababu ya kuzunguka inajulikana. Kila mtu ana mguu mmoja mrefu kidogo, ndiyo unaomvuta. Mimi nawaona vijana uwanjani kila siku.

#27 Niko Karlsruhe
Kocha, hilo nalo walilipima likakataa. Ingekuwa mguu, mtu angevutwa upande ule ule kila mara. Wao mtu huyo huyo alikuwa anakwenda kulia, mara kushoto. Walipofungwa macho ndiyo kabisa, wengine walizunguka duara la mita 20 huku wakiamini wamenyooka.

#28 Kocha wa Mtaa
Hao ni Wazungu, miguu yao sawa. Waje wapime Mbagala.

#29 Injinia Mstaafu
Wa #25, duara halikubaliani na maelezo. Njia iliyokatwa ubavuni haizunguki kilima kikarudi pale pale bila mtu kuona bonde limehama toka kulia kwenda kushoto. Bonde lilikuwa upande gani, mleta uzi?

#30 Baba Mapacha
Kulia. Halafu baadaye kushoto. Sina uhakika. Mnanichanganya.

#31 Mjukuu wa Kaya
Wadau, natokea Kwale, pwani ya Kenya. Nyote mmeongea mambo ya miguu na matrekta, hakuna aliyeuliza kama waliomba ruhusa. Kwetu Wamijikenda msitu wa kaya, ule mtakatifu wa mababu, hauingii tu kama unaingia sokoni. Kaya Kinondo mgeni anafungwa kaniki nyeusi, anatangulizwa na mwenyeji, haokoti kitu, hata kijiti. Kaya zetu ziliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO 2008 kwa sababu masharti hayo yameilinda misitu wakati kila kitu nje yake kimelimwa. Mtu akivunja, tunasema msitu umemgeuza. Haumuui, unamtoa kwa mlango mwingine tu. Hiyo ndiyo hadithi ya ndugu yetu, na ametolewa kwa heshima, akapewa na samaki.

#32 Chai ya Rangi
Msitu umemgeuza, sawa. Na Fuso ililetwa na mizimu?

#33 Mjukuu wa Kaya
Mimi nimesema masharti, mizimu umeitaja wewe. Na hukuulizwa.

#34 Kijana wa Korogwe
Bibi yangu angewaambia mgeuze shati, ndani liwe nje, mtarudi mlikotoka. Nilijaribu mara moja nikiwa natafuta kuni, nikafika nyumbani. Mama akanipiga kwa kuvaa shati ovyo.

#35 Wa Karura
Kumbe si mimi pekee. Nairobi tuna Karura, msitu uko katikati ya jiji, makutano ya njia yote yana nguzo zenye namba, na bado tulipotea. Tuliingia lango la Limuru Road na watoto na nyanya yao, tuone maporomoko na mapango ya Mau Mau. Nyanya ndiye alikuwa anatusimulia jinsi Wangari Maathai na wenzake walivyopigwa pale langoni Januari 1999 wakienda kupanda miti, wakati ardhi hiyo wakubwa walikuwa wameshaigawana. Hadithi ilikuwa tamu, hakuna aliyetazama namba. Tukatokea Kiambu Road. Nyanya akasema kwa kuwa tuko Kiambu Road, dada yake anakaa mbele kidogo. "Mbele kidogo" ikawa matatu mbili. Tulikuta wanachinja mbuzi wa ruracio, yaani sherehe ya mahari ya Wakikuyu! Tulirudi saa nne usiku, gari likiwa limefungiwa ndani ya lango.

#36 Mwanafalsafa wa Kijiwe
Mnaona? Kila safari ina mkwe au dada yake nyanya mwishoni. Nimesema tangu #14.

#37 Mkazi wa Kisarawe
Sisi Pugu. Tulifuata mapango ya popo, yale machimbo ya zamani ya udongo mweupe. Tukatoka upande siyo, watoto wakasikia honi ya treni. Kwisha habari. Ilikuwa 2024, treni ya umeme ndiyo imeanza, nauli ya Pugu hadi mjini shilingi 1,000. Wakagoma kuondoka hadi wapande. Tukaenda mjini tukiwa na matope hadi magotini, abiria wamependeza wanaelekea kazini kwao, sisi tunanuka popo. Tukanunua aiskrimu, tukarudi. Ukiwauliza leo habari za msitu wa Pugu wanakuelezea viti.

#38 Hondohondo
Mleta uzi, hukunijibu vizuri kuhusu miti. Muulize shemeji, kashindwaje kuitambua miti na alikumbuka iliki?

#39 Baba Mapacha
Nimemuuliza. Anasema alikuwa anatazama chini, anatafuta maua. Alipata kimoja kidogo cha zambarau kwenye jiwe lenye maji maji, majani yake yana manyoya.

#40 Mama wa Pongwe
Akakichuma???

#41 Baba Mapacha
Alikipiga picha.

#42 Mama wa Pongwe
Afadhali. Hicho ndicho Saintpaulia, kile Wazungu wanachokiweka dirishani jikoni. Kiligunduliwa na wale watafiti wa Amani.

#43 Fundi Ramani
Dada #42, miaka haikubali. Chuo cha Amani 1902. Mbegu za ua hilo zilipelekwa Ujerumani 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wa Kijerumani hapo Tanga, alimtumia baba yake aliyekuwa mpenzi wa maua. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika kitabuni na kulipa jina la familia hiyo. Neno "kiligunduliwa" nalo tuliache, kwani bibi zetu walikuwa wamefumba macho?

#44 Mama Iliki
Hapo kwenye bibi zetu umeongea.

#45 Dereva wa Chini
Mimi naendesha mizigo. Yule dereva alikosea kupandisha watu juu ya mzigo. Chungwa halishiki, linaviringika. Kwenye kona mzigo ukihama, aliye juu anahama nao. Mzee ana bahati.

#46 Baba Mapacha
Kweli mkuu, na nilijuta kuanzia kona ya kwanza. Nilikuwa nimeshika kamba na meno.

#47 Mzee wa Mto
Wote mmesahau kanuni ya zamani: ukipotea milimani fuata maji. Kijito chochote pale kinaingia mto Zigi, na Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, linalonywesha Tanga mjini. Mngefuata maji mngefika Tanga vile vile.

#48 Injinia Mstaafu
Mzee mwenzangu, mtu asikusikie akiwa na watoto. Vijito vya Usambara vina maporomoko, unafuata maji hadi unakuta jabali limekatika mita thelathini mbele ya miguu yako. Nimewahi kupanga njia za mabomba huko, nazungumza ninachokijua. Aliyekosa njia na asimame, apige kelele, asubiri.

#49 Mzee wa Mto
Ukisimama na siafu je?

#50 Siti ya Mbele
Kuna jambo moja hapa linakwepwa. Gari lilibaki Sigi. Lilirudije? Baba mapacha umejibu kila kitu isipokuwa gari.

#51 Chai ya Rangi
Nakazia. Hapo ndipo chai inapomwagika.

#52 Mama Mapacha
Hodi. Mimi ndiye mama mtu, nimetumiwa uzi huu na mdogo wangu. Sitawachosha.

Nilimwambia mara tatu kwamba tunashuka na masikio yanaziba. Jibu lilikuwa "mlima una maringo yake". Bonde lilikuwa kulia muda wote, mzee #29, halikuhama. Njia ilikuwa na mawe madogo yaliyopangwa pembeni sehemu fulani, sijui kama ni ya reli. Iliki ilikuwepo, na miti iliyonyooka ilikuwepo, kwa hiyo gawaneni.

Kuhusu kwetu Chumbageni: ndiyo, tulipofika mama alikuwa ameshapika wali wa nazi wa watu saba. Mwanafalsafa asifurahi sana. Mtandao ulirudi kwenye machungwa, ndipo nilipompigia. Kama nilimpigia pia Ijumaa usiku, hilo ni la kwangu na mama yangu.

Gari alilifuata Jumatatu kwa basi hadi Muheza, kisha pikipiki. Alifika Sigi akakuta wahifadhi wameshaanza kututafuta. Alichoambiwa pale aseme mwenyewe.

#53 Mwanafalsafa wa Kijiwe
"La kwangu na mama yangu"!!! Wakuu, mimi naomba niondoke kwa heshima.

#54 Mgosi wa Bombani
Mawe yaliyopangwa pembeni! Injinia umesikia?

#55 Injinia Mstaafu
Nimesikia. Hata barabara ya magogo inawekewa mawe kuzuia maji. Piga picha utuletee.

#56 Baba Mapacha
Nimepewa somo refu pale Sigi na nimelikubali, tulisumbua watu. Nilijiandikisha upya, nikaomba radhi. Mwezi wa kumi na mbili tunarudi, safari hii na mwongozaji wa pale pale. Nitapiga picha mawe, miti na visigino. Watoto wanauliza kama Fuso itakuwepo.

#57 Fundi Ramani
Mwezi wa kumi na mbili jua la mchana liko kusini yetu, kivuli kinalala kaskazini. Kanuni yako itakuwa sahihi kwa mara ya kwanza. Utarudi Sigi moja kwa moja kabla ya chai, na hao mapacha hawatakusamehe.